Nyama ya Mjomba

Mimi nilikula. Nakiri mapema nisije nikaonekana msafi. Mjomba alipokuja likizo ya Agosti na furushi la nyama iliyokaushwa, alisema ni ya mbuzi, nasi tukaramba vidole. Hata nyanya aliitisha nyongeza!

Wiki ya pili akakamatwa stejini na kiroba kingine. "Ni mbuzi, afande!" Nami nikamtetea kwa majirani kama wakili. Nyama ikishachunwa na kukatwakatwa, nani atabisha?

Kumbe siku hizo zilipita. Tangu 2015 Shirika la Wanyamapori nchini, KWS, lina maabara yake Nairobi. Kipande kidogo tu hutosha, hata kikiwa kikavu. Watatoa chembe za urithi, yaani DNA, wazilinganishe na za wanyama wanaojulikana. Mwalimu wa Biolojia alinieleza kuwa pembe za ndovu nazo hufuatiliwa hivyo hivyo. Samuel Wasser wa Marekani alichora ramani ya ndovu wa Afrika kwa kutumia kinyesi chao, basi pembe ikinaswa bandarini, yajulikana ilitoka pande zipi. Kinyesi, jamani!

Majibu yalirudi: digidigi. Mama alinyamaza siku nzima. Mjomba yuko nje kwa dhamana na anashikilia eti mashine ilikosea. Akiniuliza nasemaje, natazama chini. Mimi ndiye katibu wa chama cha wanyamapori hapa shuleni. Wenzangu chamani hawakuyajua haya, hadi leo wanapoyasoma.