Karatasi ya Rangi Tatu



Mwezi uliopita, tulipotoka katika sala ya Ijumaa, ndugu watatu walitusimamisha kwa nyakati mbalimbali katika uwanja wa magari wa msikiti, wakatuuliza swali lile lile: gari hili linakula kiasi gani? Hawakukusudia petroli. Walikusudia sevisi, kwani kila mmoja wao alikuwa akilitazamia gari kuukuu la aina hiyo, na kila mmoja alikuwa amekwisha kutishwa na mtu. Tukaona kheri tulieleze jambo hili mara moja katika kijarida chetu, pamoja na aibu zetu zilizomo, kuliko kulieleza kidogo kidogo juani.

Gari lenyewe ni Lexus ES 350 ya mwaka 2008. Tulilinunua mwezi wa Machi 2023 kutoka kwa mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa akihamia kwa binti yake. Lilikuwa limekwenda maili 112,000, na bei ilikuwa dola 6,800. Fedha hizo zilikuwa zamu yetu ya upatu pamoja na akiba ya miaka miwili, kwa sababu hatukutaka kuingia katika mkopo wa riba, na asiyetaka riba katika nchi hii hununua alichonacho mkononi. Zikabaki dola 3,000. Hizo hazikuwa zetu. Zilikuwa za tiketi ya mama, ambaye anaishi nasi hapa Texas tangu mwaka 2017, na ambaye dada yake wa pekee alikuwa amelala mgonjwa kule Tanga.

Kwa kuwa tulikuwa wageni wa gari la namna hiyo, jambo la kwanza tulilolifanya ni kulipeleka kwa wakala wa kampuni likaguliwe. Wale waliowahi kufika mahali hapo wanajua. Viti ni vya ngozi, kahawa ni ya bure, na kijana aliyevaa shati jeupe humwita kila mtu bwana mkubwa. Baada ya saa moja alituletea karatasi yenye rangi tatu: kijani kwa kilicho salama, manjano kwa kilicho karibu kuharibika, na nyekundu kwa kinachotaka kutengenezwa leo. Yetu ilikuwa na manjano na nyekundu tele. Mambo 11 yalikuwa yameorodheshwa, kila moja na bei yake, na jumla ilikuwa dola 2,779.

Tuliisoma jumla tu, na kosa letu la kwanza lilikuwa hilo. Mbele ya macho yetu tuliiona tiketi ya mama ikigeuka kuwa mafuta na mikanda. Tukakunja karatasi, tukashukuru kwa adabu, tukaondoka. Njiani tuliapa kwamba mlango ule hatutauingia tena.

Jioni ile tulikwenda kwa fundi mmoja, mtu wa Lamu, ambaye sote humwita Ami. Ana karakana ndogo nyuma ya nyumba yake na hutengeneza magari ya nusu ya jamii yetu. Hata karatasi hakuitaka. “Wanangu,” alisema huku akigonga boneti kwa kiganja, “hili ni Camry lililovaa joho. Mjapani huyu hafi. Badilisheni oili, basi. Mengine yote ni kuwavua nguo.”

Maneno yale yalitufurahisha mno kwa sababu ndiyo tuliyotaka kuyasikia. Nayo yalikuwa na ukweli ndani yake: injini ya ES 350 ya miaka ile, yenye silinda 6 na ukubwa wa lita 3.5, ndiyo iliyofungwa katika Camry ya silinda 6, na vipuri vingi ni vile vile. Chujio la oili la duka la Toyota huingia bila shida. Basi tukabadilisha oili, tukanyamaza miezi mitano.

Mwezi wa Septemba gari likaanza kulia. Ilikuwa sauti ya chuma juu ya chuma kutoka magurudumu ya nyuma, kila tulipokanyaga breki. Ami alipofungua alikuta pedi zimekwisha kabisa na zimeichimba disiki hata ikawa na mifereji. Pedi peke yake angetutoza dola 130. Sasa ilibidi tununue disiki pia, ikawa dola 340. Ami aliona haya kidogo, nasi tuliona haya zaidi, kwani tulipoitafuta ile karatasi usiku ule tulikuta pedi za nyuma zimeandikwa waziwazi kwa rangi nyekundu: zimebaki milimita 3.

Kumbe yule kijana wa shati jeupe hakuwa amesema uongo wote.

Usiku huo, watoto walipolala, tulikaa sisi wawili mezani na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya rangi tatu. Ya pili ilikuwa kijitabu kilichokuwa kimelala katika kisanduku cha dashibodi tangu siku ya kununua, nasi tulidhani ni cha kueleza redio. Kilikuwa ratiba ya matengenezo iliyoandikwa na watengenezaji wenyewe: kila maili kadhaa, fanya hili. Hapana bei ndani yake wala rangi. Tukaanza kulinganisha mstari kwa mstari.

Kusafisha nozeli kwa dawa, dola 189: kitabuni hakumo. Kuosha injini ndani kwa dawa kabla ya kumwaga oili, dola 149: hakumo. Kubadilisha mafuta ya usukani, dola 169: kitabu chasema yatazamwe, hakisemi yabadilishwe. Kupanga magurudumu, dola 139: gari lilikwenda sawa barabarani na tairi zililika sawasawa pande zote, basi lipangwe nini? Mkanda wa nje wa injini, dola 279: tulimwamsha Ami kwa simu, akasema amekwisha kuutazama na hauna ufa hata mmoja. Tufafanue hapa, maana ndugu wengi huchanganya. Mkanda huu wa nje si ule wa taimingi. Injini hii haina mkanda wa taimingi. Ina mnyororo, na mnyororo haubadilishwi kwa ratiba. Lakini LS 430, na ES 330 iliyotangulia hii yetu, zina mkanda wa taimingi, nao hubadilishwa kwenye maili 90,000. Atakayenunua mojawapo ya hizo na asione risiti ya kazi hiyo, ajue kwamba hiyo ndiyo gharama yake ya kwanza, na si ya kubishania.

Upande wa pili kulikuwa na yale yaliyokuwa haki. Maji ya rejeta, kitabu chasema hubadilishwa mara ya kwanza kwenye maili 100,000, na kisha kila maili 50,000. Yetu yalikuwa ya tangu kiwandani, na tulikuwa tumekwisha kuvuka. Plagi 6, ambazo wakala alitaka dola 640, kitabu chasema maili 120,000. Kwa hiyo zilikuwa haki, lakini si leo. Bei ile nayo ina sababu yake, kwa kuwa plagi tatu za nyuma zimejificha chini ya bomba la kuingiza hewa, ambalo sharti lifunguliwe kwanza. Mafuta ya breki nayo ni haki. Hayo hunywa unyevu wa hewani mwaka hata mwaka, na yakisha kunywa huchemka upesi breki zinapopata moto, na mafuta yanayochemka hayasukumi kitu. Vyumba vya hewa, yaani machujio mawili, ni haki, lakini dola 148 ni dhihaka: tulinunua yote mawili kwa dola 32, na mtoto wetu wa miaka 13 aliyaweka bila bisibisi.

Ama giaboksi, hapo tulikwama. Wakala alitaka dola 299 kuyasukuma nje mafuta ya zamani kwa mashine. Kitabu kwa matumizi ya kawaida hakiyataji kabisa. Huyataja kwa wanaovuta trela au kubeba mizigo mizito. Ami, ambaye siku zote husema usiguse, hapa alisema tuyaguse, ila bila mashine: kumwaga yale yanayomwagika yenyewe, kutia mapya ya aina ile ile, na kurudia baada ya mwaka. Tulimfuata kwa dola 140. Tulikiacha kitabu hapo, nasi hatujutii, kwani mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa ya buli.

Tulikuwa tumekwisha kukunja karatasi tulipouona mstari wa mwisho, chini kabisa, kwa herufi ndogo, pasipo rangi wala bei. Ulisema kwamba gari hili lina mwito wa kampuni ambao haujatimizwa: mfuko wa hewa wa abiria wa mbele. Malipo: hakuna.

Wengi wenu mtakumbuka habari za Takata. Mifuko yao ya hewa ilikuwa na kikopo cha chuma chenye kemikali ya kuujaza mfuko kwa nguvu ajali inapotokea. Kemikali hiyo, amoniamu naitreti, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na siku ikiwaka hulipuka kupita kiasi, kikopo kikapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa aliyeketi mbele yake. Hapa Marekani vikopo vilivyoitwa virudishwe ni milioni 67 hivi, na watu zaidi ya 20 wamefariki. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Majimbo yenye joto na unyevu yaliwekwa mbele katika mpango wa kubadilisha, na Texas yetu ni mojawapo. Sheria ya taifa, hata hivyo, haimkatazi mtu kuuza gari kuukuu ambalo mwito wake haujatimizwa. Mzee aliyetuuzia pengine hakujua, nasi hatukuuliza.

Katika kiti kile cha mbele, upande wa kulia, huketi mama. Kila Ijumaa na kila siku ya kwenda kwa daktari, tangu Aprili hadi Septemba, katika joto la kiangazi la hapa, alikuwa ameketi hapo na tasbihi yake, huku karatasi iliyotuonya ikilala katika droo, kwa kuwa tuliona tarakimu nne za jumla tukakasirika.

Asubuhi tuliingiza namba ya chesi, zile herufi na tarakimu 17 zinazoonekana kwenye kioo cha mbele upande wa dereva, katika tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama wa barabarani. Mwito ulikuwapo. Tukampigia wakala yule yule tuliyeapa kutomrudia. Hadi siku ya miadi mama aliketi nyuma. Akauliza, “Wanangu, nimekosa nini hata nimeshushwa cheo?” Tulimwambia kiti kinatengenezwa, na huo ulikuwa ukweli nusu.

Kazi ilichukua asubuhi moja. Kahawa tuliinywa. Kijana wa shati jeupe alitukumbuka, akajaribu nozeli tena, tukamwonyesha kijitabu, akacheka. Tulimuuliza yeye binafsi huendesha gari gani, akasema Corolla, na sevisi hufanya shemeji yake.

Kwa hiyo, kwa ndugu watatu wa uwanja wa magari, hesabu yetu ndiyo hii: disiki na pedi dola 340, giaboksi 140, maji ya rejeta 110, mafuta ya breki 80, machujio 32. Jumla dola 702, na katika hizo dola 210 ni faini ya kiburi chetu. Kwa wakala tunarudi kwa mwito wa kampuni, na tungerudi kama tungepoteza ufunguo wenye kompyuta. Risiti zote, hata za Ami ambazo huandika kwa kalamu ya risasi, tunazitia katika bahasha moja pamoja na tarehe na maili. Gari likiwa bado na waranti pia mwenye gari halazimiki kufanya sevisi za kulipia kwa wakala. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamlinda, mradi kazi ifanyike kwa wakati na risiti ziwepo.

Mama alisafiri mwezi wa Shaaban, kwa ndege hadi Dar es Salaam, na kwa basi hadi Tanga. Alimkuta dada yake hai, wakakaa pamoja mwezi mzima wa Ramadhani. Tulimpokea uwanjani na gari lile, akafungua mlango wa mbele mwenyewe. Saa ya maili sasa yasoma 119,400. Plagi sita zimo katika kasha lake juu ya kabati la jikoni, na Ami ametupa Jumamosi ijayo, baada ya adhuhuri.