Nyimbo za Kijapani za kusikiliza ukiandika msimbo

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na nyinyi mnaopita hapa kila wiki mna haki ya kuninunia. Kazi zilinilemea.

Wiki iliyopita nilimpa hedifoni zangu kijana mmoja tunayeketi naye ofisini. Alisikiliza dakika mbili, akanirudishia. "Mzee, huu si muziki, hii ni mashine inajicheza yenyewe." Nilicheka, lakini liliniuma, maana asubuhi hiyo hiyo tulikuwa tumetoka mkutanoni kuambiwa kwamba sehemu kubwa ya msimbo tunaouandika kwa mkono sasa itaandikwa na akili bandia. Kwa hivyo leo sina somo la programu. Nina nyimbo za kumjibu.

Anza na Yellow Magic Orchestra, kundi la Haruomi Hosono, Ryuichi Sakamoto na Yukihiro Takahashi, lililoundwa Tokyo mwaka 1978. Tafuta "Technopolis" na "Rydeen", zote kwenye albamu ya 1979, Solid State Survivor. Lakini ninayemhusudu mimi ni mtu wa nne, ambaye wengi hawamjui: Hideki Matsutake, mtaalamu wao wa kupanga mashine. Alitumia Roland MC-8, chombo cha mwaka 1977 chenye vitufe vya nambari kama kikokotoo. Noti iliandikwa kwa tarakimu: nambari moja ya kusema sauti iwe nyembamba au nzito kiasi gani, nyingine ya muda hadi noti inayofuata, nyingine ya muda ambao sauti itabaki ikilia. Tarakimu moja ikikosewa, wimbo unakwenda kombo na unarudi kuitafuta. Wewe hujawahi kutafuta mkato uliopotea saa nane za usiku? Basi Matsutake ni ndugu yetu.

Kisha sikiliza "Riot in Lagos" ya Sakamoto, kutoka B-2 Unit ya mwaka 1980. Ndiyo, Lagos ile ya Nigeria. Mara ya kwanza niliapa kwamba imetengenezwa miaka ya tisini. (Sakamoto na Takahashi walituacha mwaka mmoja, 2023. Januari Takahashi, Machi Sakamoto. Nilisikiliza albamu zao mwezi mzima.)

Sasa nije kwa Yuzo Koshiro, na hapa mnivumilie. Streets of Rage ya 1991, gemu ya Sega Mega Drive, niliicheza kwa binamu yangu Buruburu tukigombania pedi. Mimi nilikuwa nikifa mapema makusudi ili nikae nisikilize. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua yule mtu aliutungaje muziki ule: kwenye kompyuta ya NEC PC-88, kwa lugha ya programu aliyoirekebisha mwenyewe kutoka BASIC. Noti ni herufi na nambari, mstari kwa mstari, zinazokwenda kwenye chipu ya Yamaha yenye njia sita tu za sauti. Ukitaka ngoma, besi na kinanda vilie pamoja, unagawa njia hizo kama mama anayegawa nyama siku ya wageni. Sikiliza "Go Straight" ya Streets of Rage 2, ya 1992, uniambie kama unasikia uhaba wowote.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hoja yangu hapo: mkono wa mtu upo, kijana, ni wewe tu huuoni. Tatizo ni Streets of Rage 3. Kwa gemu hiyo ya 1994, Koshiro aliandika programu ya kutunga, inayozalisha mifululizo ya noti kwa kubahatisha. Wachezaji wengi hawakuupenda muziki huo. Mimi pia niliuita kelele. Juzi nimeusikiliza tena, baada ya ule mkutano, na sikujua nikasirike au nifurahi: unakwaruza, unakwenda usikotarajia, na kuna sehemu ambazo sidhani kama mtu angezifikiria. Lakini ile programu aliiandika nani? Na kama siku moja nayo itaandikwa na programu nyingine? Sijapata jibu, na kodi ya nyumba hainisubiri nilipate.

Haraka haraka: "Extra" ya Ken Ishii, 1995, tekno ngumu yenye video ya katuni ya Koji Morimoto. "Niji" ya Denki Groove, 1994, ya kusikiliza ukitoka kazini umechoka. Ukiwa na usiku mzima, Acid Mt. Fuji ya Susumu Yokota, 1994.

Na mwisho Rei Harakami, aliyefariki mwaka 2011 akiwa na miaka 40. Kazi yake nyingi aliifanya kwa Roland SC-88Pro, kisanduku cha sauti ambacho wengi walikiona cha kuchezea muziki wa kompyuta nyumbani. Kwenye Red Curb ya 2001 sauti zake zinayumba kama taa ndani ya maji. Kwenye Lust ya 2005 yumo "Owari no Kisetsu", wimbo wa zamani wa Hosono, na humo Harakami anaimba mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeosha vyombo.

Huo ndio nilioucheza jana nilipomwazima yule kijana hedifoni tena. Hakusema kitu. Ilipofika saa kumi na moja ilibidi nimdai.