Nani anawaamsha wadudu wa TB?

Wadau, leo naomba tuiache siasa ipumzike kidogo. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima na sina pa kulitua isipokuwa hapa.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nililala chumba kimoja na jamaa aliyekohoa muhula mzima. Ikaja kujulikana ni kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita, akapona, leo ana familia na kitambi juu. Mimi nilipimwa makohozi, yakawa safi. Nesi akaniambia kwamba siumwi, ila huenda wadudu ninao, wamelala tu.

Wamelala! Neno hilo ndilo ninalotembea nalo mpaka leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa wadudu hawa, na katika kila 100 ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Wengine wanazeeka bila kukohoa. Sasa sisi waandishi tumefundishwa kuuliza nani, lini na vipi. Nani anawaamsha?

Jibu lilianzia kwa mdudu mwingine kabla, mpole, aishiye kwenye ngozi zetu: Micrococcus luteus. Galina Mukamolova na wenzake, wa Moscow na wa Aberystwyth kule Wales, waliwashindisha njaa bakteria hawa kwa miezi, mpaka ukiwapa chakula hawaoti tena. Ungesema wamekufa. Kisha wakawamiminia majimaji waliyokulia bakteria wenzao wazima, wenyewe wakiwa wameshachujwa. Waliolala wakaamka! Ndani ya majimaji yale kulikuwa na protini moja, na habari zake zilichapishwa mwaka 1998 kwa jina la Rpf. Inafanya kazi katika kiwango cha pikomola. Nimepiga hesabu: ni kama gramu moja ndani ya lita bilioni 60 za maji. Kwa kiasi hicho, idadi ya walio hai ilipanda mara 100 au zaidi.

Mdudu wa TB anazo protini za aina hii tano, kuanzia RpfA mpaka RpfE. Mwaka 2005 umbo la kipande muhimu cha RpfB lilipochorwa, likaonekana linafanana na lisozimu. Hapo ndipo nilipoacha chai ipoe. Lisozimu ni ile protini iliyomo kwenye machozi, mate na ute wa yai, inayochana ukuta wa bakteria mpaka wanapasuka. Aliyeieleza kwanza, mwaka 1922, ni Alexander Fleming, yule yule wa penisilini. Na mdudu aliyemtumia kuionyesha nguvu yake ndiye huyu huyu tunayemwita leo Micrococcus luteus. Yaani protini moja inamuua, na nyingine yenye umbo la ndugu yake inamwamsha.

Inawezekanaje? Ukuta wa bakteria ni kama wavu: minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya amino asidi. Rpf ina mfereji ambamo mnyororo wa sukari unalala, na humo kuna amino asidi moja, glutamati, inayoukata. Watafiti waliibadilisha glutamati hiyo, na nguvu ya kuamsha ikapungua. Kwa hiyo kukata ndiko kuamsha. Wapo wanaosema ukuta ukilegezwa ndipo mdudu anapata nafasi ya kukua na kugawanyika. Wengine wanasema vile vipande vilivyokatwa ndiyo kengele yenyewe. Mimi nahisi yote mawili yana ukweli.

Mwaka 2008 watafiti wa Johannesburg walionyesha kuwa mdudu wa TB aliyenyang'anywa zote tano anakua vizuri tu maabara, ila ndani ya panya anakuwa dhaifu. Na mwaka 2010 Mukamolova, safari hii akiwa Leicester, alipima na wenzake makohozi ya wagonjwa. Katika sampuli nyingi, kati ya asilimia 80 na 99.99 ya wadudu hawakuota mpaka walipopewa Rpf. Kadiri mgonjwa alivyoendelea na dawa, ndivyo sehemu ya hao wasingizi ilivyozidi kuwa kubwa. Dawa zinawamaliza kwanza walio macho. Ndiyo maana jamaa yangu alimeza vidonge miezi minne zaidi baada ya kikohozi kwisha, huku akilalamika kila asubuhi.

Sasa kuna mawazo mawili ya dawa mpya. La kwanza, izuie Rpf ili mdudu alale moja kwa moja. La pili, mwamshe kwa makusudi, halafu umpige akiwa macho. Kwa leo, mwenye wadudu waliolala anaweza kupewa isoniazidi pamoja na rifapentini, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, bila kumwamsha yeyote. Hiyo ningeimeza. Lile wazo la pili lina akili, nakubali, lakini niambieni ukweli wadau: nani kati yenu atakubali kumeza kidonge cha kuamsha TB kifuani mwake, kwa ahadi kwamba kingine cha kuiua kinafuata?