Tovuti za kwenye disketi

Mwaka 2003 pale Kariakoo intaneti iliuzwa kwa saa, kama chumba cha gesti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na ukurasa wenye picha ulishuka kidogokidogo, kichwa kwanza, miguu baadaye sana.

Kwa hiyo kafe ya intaneti ilikuwa mahali pa kuvuna tu. Nilifungua ukurasa ulionivutia, nikauhifadhi kwenye disketi ya megabaiti 1.44, nikaondoka kabla saa haijaisha. Kompyuta ya mjomba haikuwa na modemu, lakini ilikuwa na Notepad, na hiyo ilitosha. Nyumbani niliufumua ukurasa mstari kwa mstari: nafuta hapa, nabadilisha pale, natazama kimeharibika nini.

Katika ukurasa wa gazeti moja la Uingereza nilikuta picha iliyotajwa mara nyingi ndani ya msimbo, ila kwenye skrini haionekani. Nikaifungua peke yake. Tupu. Ilikuwa nukta moja kwa nukta moja, isiyo na rangi yoyote. Wasanifu wa enzi hizo walipanga kurasa kwa majedwali ndani ya majedwali, na nukta hiyo, ukiipa upana wa 20, inasukuma maandishi yakae mbali na ukingo. Nilicheka mwenyewe. Ukurasa wote ule wa kifahari ulikuwa umeshikiliwa na vitu visivyoonekana!

Majedwali yenyewe yalitaka nidhamu. Ukisahau kufunga moja, kivinjari cha Internet Explorer kilikusitiri, kikaonyesha kila kitu kana kwamba mambo ni shwari. Netscape 4 haikuwa na huruma: jedwali zima halionekani. Mpaka leo nasema Netscape ndiyo iliyotufundisha kazi, Explorer ilitudekeza.

Mwaka 2006, maji yalipopungua kwenye bwawa la Mtera na mgao wa umeme ukapamba moto, nilikuwa naandika msimbo kwenye daftari kwa kalamu, nikingoja umeme urudi niunakili. Kuna wanaosifu mazoezi ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nautaka umeme tu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee muuza vitenge. Nilimpangia ukurasa mtulivu: picha ndogo, nyepesi, zinazofunguka haraka. Akautazama kwa muda.

“Kijana wangu, mbona maneno yamesimama?”

“Yanasomeka vizuri hivyo, mzee.”

“Ya jirani yangu yanatembea.”

Alitaka marquee, ile lebo ya Microsoft inayokimbiza maandishi toka upande mmoja wa skrini hadi mwingine. Nilijaribu kumweleza kwamba watunga viwango wa W3C hawakuikubali. Akanisikiliza kwa adabu zote. Nikaiweka. Akanilipa siku hiyohiyo, kisha akauliza kama naweza kuongeza na nyota zinazomwekamweka.