Sisi Tuliolelewa na Uamsho

Sisi tuliozaliwa Bukoba na vijiji vyake katika miaka ya 1940 tulilelewa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa kiroho ndani ya makanisa yetu, kabla hatujaweza kueleza ni kitu gani. Ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya mwanzo ya 1930, mikononi mwa watu kama Blasio Kigozi, aliyefariki mwaka 1936 akiwa bado kijana. Ukaenea Uganda, ukaingia kwetu, ukafika Kenya. Wapo wachungaji waliouogopa, na hawakukosa sababu, maana palikuwa na kilio, kutetemeka na kuimba hadi alfajiri. Lakini wazazi wetu hawakuturithisha kelele hizo. Walituonyesha kwamba mtu akitoka magotini ana safari ya kwenda kwa jirani. Aliyeiba jembe alilirudisha mchana, watu wakimwona. Mwinjilisti aliungama mbele ya mkulima, mume mbele ya mkewe, hata mmisionari wa Kizungu akamwomba Mwafrika msamaha kwa dharau yake, jambo ambalo ukoloni haukulizoea. Hilo ndilo tuliloliita kutembea nuruni. Ni vigumu kujikweza mbele ya mtu aliyekusikia ukiyataja makosa yako moja moja.

Umoja ulitujia kwa njia hiyo. Ni kweli, mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na kazi ya viongozi kama Stefano Moshi haisahauliki. Ila kabla ya katiba hiyo wenzetu walikuwa wamekwisha kukaa benchi moja, Mlutheri na Mwanglikana, Mhaya, Mganda na Mkikuyu, wakiimba Tukutendereza kwa Kiganda hata wasiokijua Kiganda. Hakuna aliyetakiwa kuhama kanisa lake. Katika ushirika huo alikulia kiroho Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, pale Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Nasi tulijivuna, nakiri, ingawa tulikuwa tumefundishwa kutojivuna.

Ushirika huo ulilipiwa gharama. Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, na baadhi yao wakauawa. Nchini Uganda, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya Idi Amin. Askofu mwenzake Festo Kivengere akakimbia kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda, kisha akaandika kitabu akisema anampenda Amin. Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yakatuvamia na kulivunja daraja la Kyaka, na sisi wa Kagera tukatakiwa kumwombea mtu yuleyule. Wako walioweza.

Wajukuu zetu, mnafunga na kukesha kuliko wengi wetu tulivyofanya, na maombi yenu ya simu yanamkutanisha aliyeko Ngara na aliyeko Toronto. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini katika maombi mengi ninayoyasikia siku hizi, jirani hutajwa kama adui tu: adui wa kazi yangu, adui wa ndoa yangu, na mara nyingi adui huyo anakaa nyumba ya tatu, naye anasali kanisa jingine. Mtu anaombewa afunguliwe bila kuulizwa anadaiwa na nani. Mchungaji akikosana na msaidizi wake, wiki haiishi turubai la pili limekwisha kusimama ng'ambo ya barabara. Siyo kwamba wa kwetu hawakufarakana. Walifarakana, tena wapo walioufanya unyenyekevu kuwa sare, wakaupima wokovu wa dada kwa shanga alizovaa. Ila mfarakano ulikuwa aibu, na hapakuwa na aliyeutangaza kuwa huduma mpya.

Fahari yangu inaishia Rusumo, kwenye daraja la mpakani na Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja lile kuingia Ngara ndani ya saa 24, wakitoka Rwanda, nchi iliyo na Gahini, na wengi wao walikuwa Wakristo. Ndani ya umati ule walikuwamo wauaji, na walikuwamo wasio na hatia. Huko walikotoka, katika mauaji ya kimbari, waumini walikuwa wamewaua waumini wenzao waliosali nao. Na wako pia waliokufa kwa kukataa kutengana na ndugu zao kwa kabila. Wazee wenzangu wamelijadili jambo hili miaka mingi. Mimi naona hivi: tuliungama wizi, ulevi, wivu na ugomvi wa mpaka wa kibanja, lakini kabila tuliliacha nje ya ushirika, kana kwamba damu ya Msalaba ilikwisha kulimaliza na halihitaji tena kutajwa. Kwa hiyo mkija kutuuliza habari za miaka ile, wakati bado tupo, msiishie kwenye nyimbo na ushuhuda. Tuulizeni na yale ambayo hatukuyaungama.