Safu ya Mchana

Chilinde, Lilongwe, Jumapili 5 Mei 2024

Mnasihi wa Dar kanipa kazi ya nyumbani. Daftari, kalamu na safu tano: saa, mahali, nilichokula, nilikuwa na nani, moyo ulikuwaje. Niandike papo kwa papo, nisingoje usiku nikaanza kupunguza vijiko. Kilo nisiziandike humu, hizo ni za daktari. Na maneno "mlafi" na "sina haya" ameyapiga marufuku.

Haya. Mtu wa Ujiji, mke wa dereva wa malori yanayotoa mizigo bandari ya Dar kuja Lilongwe, muuza vitenge. Uwiano wangu wa uzito na urefu ni 45. Daktari wa upasuaji anasema kuanzia 40 mtu anastahili kukatwa tumbo ili apungue, hata kama hana ugonjwa mwingine. Mimi presha ninayo tayari, na sukari imeanza kupanda. Ataondoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, abakize mrija mwembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo hata hamu ya kula hupungua. Kabla ya kisu kuna vipimo, afisa lishe na mnasihi. Nilipoondoka Dar nilimhesabu mnasihi kuwa mtu wa kugonga mhuri tu.

Jumatano 8 Mei

Saa 1 asubuhi, nyumbani: chai kavu. Mchana, sokoni: sikula. Nilijiona mwepesi, hata nikajisifu. Saa 11 jioni: maji. Saa 4 usiku, jikoni, watoto wamelala: kiporo cha wali na maharage, kisha chipsi nilizomtuma kijana wa jirani, zile za kukaangwa kwenye bati kando ya barabara na kutiwa kabichi, kisha mkate. Nilikula nimesimama. Katikati nilijua nimeshiba, na mkono ukaendelea. Baada ya hapo niliuzika mfuko wa chipsi chini ya takataka ili binti wa kazi asiuone.

Nimemsomea mnasihi kwenye simu. Hakushtuka. Akauliza: huwa unakula haraka kuliko kawaida? Mpaka tumbo liume? Kwa kujificha? Ukitaka kusimama unashindwa? Na hutokea kila wiki, kwa miezi? Nikamjibu kwa miaka. Akasema huo ni ugonjwa unaotambuliwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliupa nafasi yake yenyewe mwaka 2013. Una tiba, na tiba inaanza na daftari hili.

Mama angenipeleka kwa mganga. Mume wangu hajui lolote. Akiwa safarini, jikoni ni kwangu peke yangu.

Jumapili 19 Mei

Harusi ya Kawale. Perekani, yaani zamu za kuwatunza maharusi, moja baada ya nyingine, noti zinamwagwa, muziki hauachi watu wasemezane. Mama mwenye nyumba wetu akanishika mkono: "Amayi, mwanenepa!" Anacheka kwa furaha, maana kwake hiyo ni sifa. Nikamnong'oneza kwamba nataka kupungua. Akanikazia macho. "Watu watasema," akasema, na hakumalizia. Yeye alizika ndugu zake kabla ya 2004, mwaka ambao dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilianza kutolewa bure Malawi. Watu wa rika lake walijifunza kumsoma mtu mashavuni.

Na mwaka wenyewe ndio huu. Machi, Rais Chakwera alitangaza hali ya janga katika wilaya 23 kati ya 28 kwa sababu ya ukame. Kwacha ilishushwa thamani Novemba iliyopita, mahindi hayashikiki. Katika nchi inayohesabu magunia, mimi nakusanya fedha za kukatwa tumbo. Pale harusini nilikula kijiko kimoja kimoja, kwa adabu, watu wanione. Saa 2 usiku nikawa nyumbani, nikaanza upya.

Jumanne 11 Juni

Ndege iliyopotea jana imeonekana, msitu wa Chikangawa. Makamu wa Rais Chilima na wote aliosafiri nao wamekufa. Rais mwenyewe ametangaza. Mtaa mzima redio ziko wazi, akina mama wamekaa barazani, hakuna anayeuza wala anayenunua. Mimi mgeni hapa, lakini nimelia nao.

Saa 1 asubuhi: uji. Mchana: hakuna, nani alikuwa na mkono wa kupika? Usiku: maandazi niliyonunua kwa ajili ya chai ya kesho ya watu wote wa nyumba hii, kisha karanga, kisha ugali baridi. Kwenye safu ya moyo nimeandika: msiba.

Alhamisi 20 Juni

Mnasihi kasema: "Dada, funika safu ya moyo kwa mkono. Chukua siku zilizoisha vibaya, unisomee mchana wake tu."

Sikula. Sikula. Chai. Sikula. Maji.

"Sasa nisomee mchana wa siku zilizoisha salama."

Ni chache, lakini zipo. Ugali na matemba. Wali kwa shoga. Viazi na mayai.

Miaka yote nimeamini moyo ndio unaonipeleka jikoni: upweke, misiba, simu ya mume isiyopatikana. Mnasihi hakatai kwamba unanipeleka. Ila anasema unanikuta nimeshafunga kutwa nzima, na mtu wa namna hiyo hahitaji kusukumwa sana. Akanisimulia jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la 1944 na 1945. Mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36, wazima wa mwili na akili, waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa karibu miezi sita. Chakula kikawatawala mawazo. Wengine wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, kuna waliokula mpaka wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Kabla ya kunyimwa hawakuwa hivyo.

Agizo jipya: milo mitatu na vitafunio viwili, yasipite masaa manne bila kutia kitu mdomoni, njaa iwepo isiwepo. Nimecheka kwa sauti. Mtu wa kilo zangu, anayejiandaa kukatwa tumbo, anaambiwa asikose chakula cha mchana.

Dzaleka, Jumamosi 29 Juni

Nimepeleka vitenge. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa 1994 palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi za Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu elfu kumi na kitu. Leo wamezidi elfu hamsini. Soko lake linanikumbusha kwetu kuliko soko lolote la Lilongwe: mawese, sombe, unga wa muhogo, Kiswahili cha Kivu upande huu na Kirundi upande ule.

Rafiki yangu wa Uvira alikuwa na duka karibu na kwangu pale Chilinde, mpaka amri ya serikali ya 2023 iliyowarudisha wakimbizi kambini. Mimi Ujiji, yeye Uvira, ziwa letu ni moja, dagaa wetu ni mmoja. Sikuja na nia ya kumwambia. Lakini aliniona nimekataa sombe, akauliza kama naumwa. Nikamweleza yote, upasuaji na habari za usiku wangu.

Hakucheka. Alikuwa anachambua majani, akaendelea kuchambua. "Tangu walikata pesa ya chakula," akasema, "siku ile inatoka, watu wako wanapika mpaka usiku. Na mimi niko nakula mbio-mbio, sawa mtu anafukuzwa. Kisha zinabakia siku za uji tu. Mwezi wenye kufuata, vile vile." Akaniangalia. "Sasa weye, dada, nani alikukatia posho?"

Sitaki kulinganisha njaa yake na yangu. Yake inaamuliwa mbali, na watu ambao hatawaona maishani. Akifungua kabati hakuna kitu. Langu limejaa. Mkono unaonikatia posho ni wangu, kila asubuhi, na nilikuwa naita nidhamu. Ila tumbo halisomi sababu. Likinyimwa, linangoja zamu yake.

Saa 7 mchana, Dzaleka, na rafiki: sombe, ugali wa muhogo, samaki. Moyo: haya kidogo, kisha hakuna.

Saa 2 usiku, Chilinde: wali na maharage, mezani, pamoja na watoto.

Jumatatu 8 Julai

Kula kwa saa kunachosha kuliko kufunga. Saa 1 uji wa soya. Saa 4 ndizi. Saa 7 ugali, matemba, mboga. Saa 10 karanga za kukaanga. Saa 1 jioni chakula na watoto. Alamu ya simu inalia katikati ya kupimia mtu kitenge na wenzangu wa sokoni wanapiga kelele: "Amayi, muda!"

Kitu kinachonitia hofu si kazi, ni ule uji wa asubuhi baada ya usiku mbaya. Mwili umeshiba, akili inadai adhabu, na mimi nachota kijiko.

Usiku mbaya bado upo. Umeanza kuachia nafasi.

Jumapili 14 Julai

Dada kapiga kutoka Dar. Yeye anataka puto. Tangu hospitali ya Mloganzila ianze kuweka maputo tumboni, na mwimbaji Peter Msechu akazungumzia lake hadharani, kila penye wanawake watatu habari ni hiyo. Nimemwambia nilichoelezwa: puto linajazwa ndani ya tumbo, linachukua nafasi ya chakula, linakaa miezi kadhaa, kisha linatolewa, na mtu anabaki na mazoea aliyojenga humo katikati. Mimi nakatwa, hakuna kurudishiwa. Vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu nitameza maisha yangu yote, na damu itapimwa kila mara.

Wala puto wala kisu hakifiki jikoni kwangu saa 4 usiku. Ni kweli sahani iliyojaa haitaingia tena. Lakini biskuti moja baada ya nyingine, soda, aiskrimu, kidogo kidogo kutwa nzima, vyote hupita kwenye mrija, na ndiyo njia moja ambayo baadhi ya waliokatwa wamerudisha kilo zao.

Kuna fomu ya hospitali, ina swali: je, huwa unakula bila kuweza kujizuia? Dada: "Andika hapana, wasije wakakunyima." Nimemuuliza mnasihi. Anasema ugonjwa huu peke yake haumfungii mtu mlango. Kinachofanyika ni kuutibu kabla na kumfuatilia baada. Ukiuficha, madaktari watampangia matibabu mwanamke mwingine kabisa, halafu watakupa wewe.

Nimeandika ndiyo. Nimeongeza na mistari miwili pembeni.

Jumatano 24 Julai

Lori limekwama mpaka wa Songwe, karatasi za mzigo. Mume simu haipatikani tangu asubuhi. Saa 5 usiku, jikoni, peke yangu: chapati za kesho, mabaki ya maharage, sukari kwa kijiko.

Mchana nilikuwa nimekula vizuri. Kwa hiyo leo ni moyo, na safu inaonyesha hivyo. Angalau sasa nazijua njia zote mbili, na kila moja ina dawa yake: ya njaa ni sufuria ya saa 7, ya moyo ni mtu wa kuongea naye kabla ya kufungua kabati.

Alhamisi asubuhi, uji saa 1. Zamani ningefunga kutwa nzima kufidia, na usiku wake ungekuwa uleule.

Simu ilipopatikana nikamwambia mume kila kitu, tangu mifuko ya chipsi. Kimya kirefu. Kisha: "Mama watoto, kwa hiyo mkate haukai ndiyo maana?" Tumecheka mpaka salio likaisha. Aliponipigia tena alikuwa na swali la pili: afanye nini akiwa Songwe na mimi niko jikoni? Tumekubaliana nimpigie hata usiku wa manane. Asipopatikana, nimpigie shoga wa Kawale, naye nimeshamwomba.

Ijumaa 9 Agosti

Tiketi ya basi imekatwa. Rafiki yangu wa Uvira akipata ruhusa ya kutoka kambini atakuja stendi kunisindikiza, na ameahidi chupa ya mawese kwa ajili ya dada, si kwangu.

Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni wiki mbili za mwisho kabla ya upasuaji. Wagonjwa hupewa mlo mdogo ili ini lisinyae, kwa sababu ini la mtu mnene limejaa mafuta, linafunika tumbo na kumzibia daktari njia. Sababu nimeielewa. Lakini mimi ndiye yule wa safu ya mchana, na sasa napewa posho pungufu kwa maandishi ya hospitali.

Afisa lishe na mnasihi wamekaa pamoja, tukapanga. Chakula kitapungua, nafasi zake hazitapungua: mara tano, kwa saa zilezile, maziwa, mtindi, mayai, supu, mboga. Dada ndiye atakayepika, na sitakula peke yangu. Kila jioni namsomea mnasihi daftari. Usiku ukiharibika, nitasema asubuhi yake. Heri tarehe isogezwe kuliko kuwaacha wakute ini kubwa mezani.

Upasuaji bado nautaka. Magoti yananiuma, presha inanitisha, na nataka kuwaona wajukuu. Nisichokitarajia tena ni kisu kinifundishe kula. Hilo nimelianza huku Chilinde, kwa sufuria ya saa 7.

Maswali ya kumuuliza daktari:

1. Dawa za presha nimeze au nisimeze asubuhi ya upasuaji?

2. Vitamini hizo zikikosekana Lilongwe, na hutokea, nitumie nini?

3. Vipimo vya damu vya huku mtavikubali, au lazima nirudi Dar?

4. Wote niliowasikia wanasifu mwaka wa kwanza. Wa pili na wa tatu, hamu ikirudi, mnasihi atakuwa bado ni wangu, au ndiyo basi?