"Palaver": Neno Lililobebeshwa Aibu

Mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza "palaver" katika riwaya zihusuzo Afrika hushawishika kuandika "porojo" na kupita. Kamusi za Kiingereza zitamuunga mkono, kwani humo neno hilo ni maneno mengi yasiyo na faida, usumbufu, hata ubembelezi wa hila. Hata hivyo, nasaba ya neno lenyewe inamtaka asiharakishe.

Kilatini kilikuwa na "parabola", yaani mfano au fumbo, kilichoirithi kutoka Kiyunani. Kutokana nayo Kireno kikapata "palavra", lenye maana ya neno tu, bila dharau yoyote. Wareno walilitumia katika pwani ya Afrika Magharibi kutajia mazungumzo yao na wenyeji juu ya bei, ushuru na ugomvi. Nao mabaharia wa Kiingereza wakaliokota huko huko katika karne ya 18. Dharau ilitoka kwa nani? Yamkini si kwa mzee aliyengoja kila upande useme. Ilitoka kwa mfanyabiashara aliyetaka mambo yaishe upesi, kwa kuwa merikebu ilikuwa ikimsubiri. Na shehena yake, mara nyingi katika karne hiyo, ilikuwa ni watu. Kinaya ni kwamba "parabola" hiyo hiyo, kwa njia ya Kifaransa, ndiyo iliyozaa jina la Bunge la Waingereza.

Waafrika wenyewe hawakulikubali tusi hilo moja kwa moja. Nchini Liberia banda la "palava" ni mahali pa kusuluhishia, na mwaka 2009 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilipendekeza utaratibu wa mabanda hayo utumiwe kuponya majeraha ya vita. Naye mwanafalsafa wa Kameruni, Jean-Godefroy Bidima, katika kitabu chake cha mwaka 1997, aliichambua "palabre" ya Kifaransa kama mamlaka ya kisheria yatendayo kazi kwa maneno.

Kiswahili kina mfano wa karibu: "shauri". Neno hili, lenye mzizi wa Kiarabu wa kushauriana, limepanuka likabeba jambo, tatizo na kesi. (Anayesema "shauri yako" hujitoa barazani na kumwacha mwenzake peke yake na jambo lake.) Maafisa wa kikoloni walilichukua katika Kiingereza chao wakaliita kila kero kwa jina hilo, lakini mahakama za Tanzania zingali zikisikiliza mashauri, wala hapana anayecheka.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kuuliza ni kinywa cha nani kinachosema. Bwana Shauri wa riwaya akinung'unikia "palaver", "porojo" yafaa, maana hivyo ndivyo sikio lake linavyosikia. Mzee akilitamka neno lilo hilo katika ukurasa huo huo, haki yake ni "baraza" au "shauri". Ugumu hubaki pale msimulizi mwenyewe anapolitumia, kabla msomaji hajajua ameketi upande gani.